Mnakimbia ganzi ya daktari, alafu saluni mnapakwa mguu mzima

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nitakuwa mrefu, ukiona imezidi punguza popote ila pale penye namba uniachie manake bila zile namba barua yenyewe haina kazi.

Kuna msomaji aliandika hapahapa majuzi akishauri watu wakienda kung'oa jino wakatae sindano ya ganzi, wang'olewe kavukavu wakaze roho, eti kwa sababu jirani yake alichomwa ganzi akapooza uso upande mmoja na mtu mwingine alichomwa akazimia palepale kwenye kiti. Mi ni tabibu wa meno mstaafu, kazi yangu nimeifanyia mkoa wa Morogoro miaka mingi, na nilivosoma ile barua wala sikukasirika, woga wa sindano naujua, nimeuona kwa wanajeshi na kwa wachungaji na kwa akina mama waliozaa watoto saba. Kilichonikera ni kingine. Hawahawa wanaoikimbia ganzi kwa daktari wakienda saluni kutolewa nywele za miguu au kuchorwa tatuu wanapakwa ganzi hiyohiyo kuanzia pajani mpaka kifundoni, hawaulizi ina nguvu kiasi gani, hawaulizi imetoka wapi, wakimaliza wanalipa na kushukuru juu. Yaani tunaogopa pale penye mtu aliyesomea, alafu pale ambapo hakuna anayejua kitu ndo tunajiachia.

Dawa ninayoizungumzia ni lignokeini, kwenye maboksi mengine wanaandika lidokeini. Sio dawa ya jana. Waswidi wawili, Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, waliitengeneza Stockholm mwaka 1943, na huyo Lundqvist alijichoma mwenyewe kuona inafanyaje, ikaingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940. Kabla ya hapo dunia ilishapita kwenye kokeini, ndio, hiyohiyo ya kulevya, Carl Koller wa Vienna alionyesha mwaka 1884 kwamba ukiidondoshea kwenye jicho unaweza kulipasua huku mgonjwa anakuangalia na hasikii kitu, shida zake ndo hizo mnazozijua. Lignokeini hailevyi, inashika ndani ya dakika chache, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sasa namna inavofanya kazi, naomba mnivumilie kidogo hapa. Maumivu yanasafiri kwenye neva kwa njia ya umeme, na huo umeme unatokana na sodiamu kuingia ndani ya neva kupitia vitundu vidogo mno. Lignokeini inaviziba vile vitundu kwa muda. Jino bado linaumia ila taarifa haifiki kichwani, baadae damu inaiondoa dawa pale, inaipeleka kwenye ini, ini linaivunjavunja, na hisia zinarudi. Faida ni hiyo na hatari yake iko hapohapo, kwa sababu ubongo una vitundu vya aina hiyo na moyo pia unavyo, kwa hiyo dawa ikikaa kwenye fizi ni ganzi, ikiingia kwenye damu nyingi kwa mkupuo inakwenda kuziba mahali ambapo hukuituma. Tena madaktari wanaitumia makusudi mshipani, kwa kipimo na kwa kumwangalia mgonjwa, kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika. Ni ileile. Kinachobadilika ni kiasi, njia iliyopitia na mkono ulioishika.

Turudi kwa yule jirani aliyepooza. Ganzi ya meno ya chini ya nyuma inachomwa ndani kabisa, kule nyuma ya taya, na sindano ikizidi kwenda nyuma inamwaga dawa kwenye tezi ya mate ambamo ndani yake unapita mshipa wa fahamu unaochezesha uso. Hapo jicho linagoma kufumba, mdomo unashuka upande mmoja, mgonjwa akijiona kwenye kioo anaanza kulia na ndugu zake wanaanza kupigiana simu. Sio kiharusi. Ni ganzi imepiga mshipa mwingine, na ganzi ikiisha baada ya saa chache uso unarudi wenyewe, kazi yetu hapo ni kulifunika lile jicho lisikauke na kumkalisha mgonjwa mpaka atulie. Inatokea mara chache na tabibu anatakiwa amwambie mgonjwa ukweli palepale, tatizo wengine wanakaa kimya kwa aibu na ndo hapo hadithi za kupooza zinapozaliwa.

Na aliyezimia je? Wengi wanaozimia kwenye kiti cha meno wanazimia kwa woga, tena mara nyingi mtu amekuja na njaa, hajalala usiku kucha kwa ajili ya lile jino, akiona sindano tu presha inashuka anakwenda. Unamlaza, unanyanyua miguu, dakika mbili tatu anafungua macho anauliza mmeshang'oa? Wapo wengine moyo unawaenda mbio na mikono inatetemeka, huyo sanasana ni adrenalini, kwa sababu ganzi nyingi za meno zinachanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya damu pale isinyae, damu isitoke nyingi na dawa isiondoke haraka. Inapita. Lakini mtu akitoka pale anaambiwa nyumbani ana aleji ya ganzi, na analibeba hilo jina la aleji maisha yake yote. Aleji ya kweli ya lignokeini ipo ila ni nadra sana, kwa hiyo kama una historia hiyo usiseme tu nina aleji, eleza kilichotokea hasa: ulitoka vipele, ulivimba midomo, ulishindwa kupumua, au uliona kizunguzungu ukaanguka? Majibu hayo yanampeleka daktari sehemu tofauti kabisa.

Alafu kuna lile lalamiko kuu, ganzi haikushika, walinichoma za uongo, dawa zao zimeisha muda. Inawezekana, sikatai. Ila mara nyingi mgonjwa amekaa na jino wiki tatu anaweka karafuu na kusukutua maji ya chumvi, anakuja shavu limejaa usaha, na penye usaha pana tindikali, na lignokeini kwenye tindikali inabadilika umbo inashindwa kupenya ule utando wa neva. Unaweza kumwaga katriji nne, vile vichupa vidogo vya ganzi vinavyopachikwa kwenye sindano ya meno, asisikie unafuu wowote. Dawa yake ni kuchoma mbali na ule uvimbe, huko neva inakotokea, au kuutoa usaha kwanza na kung'oa baadae. Anayekuongezea sindano juu ya sindano palepale penye uvimbe bila hesabu, huyo mwambie asubiri kwanza.

Anayechoma vizuri utamjua hata kama hujasomea. Atakuuliza uzito, presha, moyo, ini, dawa unazotumia, mimba kama ni mwanamke, na mimba sio sababu ya kunyimwa ganzi, lignokeini inatumika kwa wajawazito, jino bovu lenye usaha ndo la kuogopa zaidi. Akishaingiza sindano hasukumi dawa yote mara moja, kwanza anavuta nyuma kidogo anaangalia kama damu imeingia kwenye katriji, ikiingia ina maana yuko ndani ya mshipa wa damu, anatoka anahamisha. Alafu anasukuma polepole, katriji moja ya mililita 1.8 inatakiwa imchukue kama dakika nzima, na wakati huo anakuangalia usoni. Akimaliza anasubiri. Anakuja kukugusagusa fizi kwa ncha ya kifaa anakuuliza unasikia nini, na hapa wagonjwa mnachanganya, kusukumwa na kuvutwa utakusikia kabisa kwa sababu ganzi haiondoi hisia ya mgandamizo, kuchomwa ndo hutakiwi kukusikia. Ukisikia chomo nyoosha mkono. Usione haya, ni haki yako.

Sasa namba. Kwenye chupa ya lignokeini utaona imeandikwa asilimia 1 au asilimia 2. Asilimia 1 ina maana kila mililita ina miligramu 10, asilimia 2 ni miligramu 20. Kiwango cha juu kinachotumika sana kwa mtu mzima ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito na isizidi 300 kwa jumla kama haina adrenalini, ikiwa na adrenalini inafika 7 kwa kilo na isizidi 500, na wapo walio wakali zaidi, Uingereza wengi wanaishia 3 kwa kilo ile isiyo na adrenalini. Chukua mtu wa kilo 60. Mara 4.5 ni miligramu 270, ya asilimia 1 hiyo ni mililita 27, ya asilimia 2 ni mililita 13 na nusu tu. Chupa mbili hizo zinafanana kweli, zinakaa trei moja, usiku umeme umekatika na nesi yuko peke yake wodini, akichanganya tu ameshatoa mara mbili. Mtoto wa kilo 15, kwa hesabu hiyohiyo ya 4.5, mwisho wake ni miligramu 67 na kidogo, na katriji mbili za meno za asilimia 2 zina miligramu 72, yaani katriji mbili ambazo kwa baba yake ni kitu cha kawaida, kwa mtoto zimeshapita mpaka. Ndo maana mzazi ukiambiwa mengine tutang'oa siku nyingine usigombane na tabibu kwamba nauli umetumia, anahesabu. Na ukirudi nyumbani mwangalie mtoto mpaka ganzi iishe, saa mbili tatu hivi au zaidi, usimpe mhogo wala muwa, manake watoto wanautafuna mdomo wao wenyewe kwa kuwa hausikii, kesho yake unaletwa umevimba umechanika mzazi anadhani ni sindano iliyooza.

Hapa niseme jambo moja ambalo halihusu meno lakini limenikaa rohoni. Ganzi hiyohiyo ambayo watu wanaambiwa ni hatari kuna sehemu inanyimwa wanaoihitaji, nayo ni wodi ya wazazi. Binti wa dada yangu alijifungua kwenye hospitali moja sitaitaja, akachanika, akashonwa bila ganzi, alipolia akaambiwa si umeweza kuzaa, hii nayo utaweza. Nilimuuliza nikidhani labda dawa iliisha. Haikuisha, ilikuwepo kwenye kabati, ni haraka tu na mazoea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kushona njia baada ya kujifungua uko wazi: lignokeini ya asilimia 0.5, kama mililita 10, unavuta nyuma kwanza kuhakikisha hauko kwenye mshipa wa damu, unachoma pembeni za jeraha, unasubiri dakika mbili, unabana kwa koleo, mama akisikia unasubiri dakika mbili nyingine unajaribu tena. Hesabu hizo dakika. Mbili, au nne. Hakuna wodi yenye shughuli nyingi kiasi hicho, na kama iko basi tatizo ni idadi ya wakunga, wala sio mama aliyelala pale miguu juu. Na hiyo asilimia 0.5 hata kama haipo tayari inapatikana kwa kuichanganya ya asilimia 1 na maji ya sindano au na saline, yale maji ya chumvi ya dripu, nusu kwa nusu. Akina mama, na nyie waume zao mnaosubiri nje, ulizeni kabla mshono haujaanza: ganzi imechomwa? Swali fupi halina ugomvi.

Nikimaliza hapo ndo nakuja kwa hawa wa saluni sasa.

Siku hizi kuna krimu za ganzi kila kona, Kariakoo zipo, mitandaoni zinauzwa na picha za watu weupe wanacheka, wanazipaka kabla ya waksi, kabla ya leza, kabla ya tatuu, kabla ya kutoboa. Nyingine zina jina la kampuni na asilimia, nyingine zimehamishiwa kwenye kikopo cheupe kisicho na maandishi yoyote, jirani kabisa na mikorogo. Nimeshika tyubu moja mpwa wangu aliinunua, gramu 30, imeandikwa asilimia 5. Piga hesabu: asilimia 5 ni miligramu 50 kwa kila gramu, kwa hiyo ile tyubu moja ina miligramu 1,500 za lignokeini. Mara tano ya kile kiwango cha mwisho nilichosema cha sindano isiyo na adrenalini kwa mtu mzima. Sasa hapa niwe mkweli, ngozi nzima isiyo na jeraha inapitisha kidogo sana, ndo maana kupaka kidogo sehemu ndogo, mfano watoto wanaotolewa damu hospitali wanapakwa mgongo wa mkono, ni salama na inasaidia. Lakini saluni wanafanyaje? Kwanza wanakunyoa au wanakusugua kwa skrabu, ngozi inachubuka. Wanapaka miguu yote miwili. Wanafunga na nailoni ile ya kufunikia chakula ili ishike vizuri. Wanakwambia kaa hivo saa nzima, na Dar hiyo, joto hilo. Kila kimoja kati ya hivyo kinaongeza dawa inayopita kwenda kwenye damu, na wao wanavifanya vyote kwa pamoja.

Sitishi watu kwa maneno matupu. Mwezi Februari 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa umma baada ya wanawake wawili, mmoja miaka 22 na mwingine 25, kupaka krimu za ganzi kali miguuni kabla ya kutolewa nywele kwa leza. Walijifunga nailoni kama walivoelekezwa. Wote wawili walipata degedege, wakaingia koma, wakafariki. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa wanakwenda kutoa nywele. Na Machi 2024 hiyohiyo FDA imerudia tena kuonya watu waachane na bidhaa za kupaka zenye lignokeini zaidi ya asilimia 4 zinazouzwa bila cheti kwa ajili ya mambo haya ya urembo. Wenzetu huko wana maabara na mahakama na bado zinapenya, sisi ambao krimu inakuja kwenye begi la mtu tunajiamini nini?

Kwa hiyo dada zangu, na makaka wa tatuu, kama lazima upake: tyubu iwe na asilimia imeandikwa, isizidi 4, eneo dogo, ngozi nzima, usifunge nailoni, usiweke joto juu yake, na muda ulioandikwa ukiisha futa. Wakikwambia yetu ni kali haina hata maumivu kidogo, hiyo ndo ya kuikimbia. TMDA nao, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, manake hawa ndo wenye rungu, wamezoea kukagua famasi na maduka ya dawa, huko wako sawa, ila naomba waingie na saluni na hizi kliniki za ngozi zinazofunguliwa ghorofani, wafungue makabati, wasome tyubu. Kikopo kisicho na maandishi kisiulizwe maswali, kichukuliwe.

Kuna na ile spreyi ya akina baba, mnaijua, ya kuchelewesha, inauzwa hata kwenye vibanda vya chaja za simu. Mle ndani wanaweka lignokeini au ndugu zake. Sio ya ajabu, kuna nchi madaktari wanaiandika kwa watu wenye shida hiyo, ila inapuliziwa kwa idadi, inasubiriwa, inaoshwa kabla ya tendo, vinginevyo mke naye anaganzika na wote wawili mnabaki mnaangaliana. Utani pembeni, mahali palipokufa ganzi hata mkichubuka hamjui. Na kuna spreyi za hospitali za asilimia 10 ambazo kila ukibonyeza mara moja zinatoa miligramu 10, hizi zinatumika kooni na wataalamu, naambiwa nazo zimeanza kutembea mtaani. Mtu anabonyeza mara ishirini kwa kutojua, ni miligramu 200 hizo, tena kwenye ngozi laini inayonyonya haraka.

Kwa watoto wanaoota meno nitakuwa mfupi kwa sababu halina mjadala: msiwapake jeli ya ganzi. FDA mwaka 2014 iliangalia taarifa 22 za madhara makubwa, vifo vikiwemo, kwa watoto wa miezi mitano mpaka miaka mitatu na nusu waliopewa lignokeini ya mdomoni ile nzito, wengine kwa kuota meno tu, ikaamuru onyo kali liwekwe kwenye dawa yenyewe. Mtoto anameza, mama anaona bado analia anaongeza. Fizi zinasuguliwa kwa kidole kisafi, anapewa kitu cha baridi cha kutafuna, basi. (Na wale mnaoambiwa mtoto ana meno ya plastiki yanatakiwa yang'olewe, hakuna meno ya plastiki, mnamtobolea mtoto fizi na kumng'olea meno yake ya kweli ambayo hayajatoka, hili tulilisema mpaka sauti zikakauka.)

Wanaokwenda tohara nao wasiogope, ganzi ya pale ni lignokeini isiyo na adrenalini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeweka mpaka wa miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo kijana wa kilo 60 anaishia miligramu 180, mililita 18 za asilimia 1, na anayekufanyia akikupima uzito kabla ujue uko kwenye mikono mizuri. Asipokuwa na mizani uliza anahesabuje.

Nije kwenye dalili, hizi naomba mhariri uziache zote. Dawa ikizidi kwenye damu mara nyingi inabisha hodi kwanza: ladha ya chuma mdomoni, ulimi na midomo kufa ganzi wakati hukuchomwa huko, masikio kuvuma, kizunguzungu, macho kuona ukungu, mtu anaongea ovyo au anakuwa na wasiwasi ghafla, misuli ya uso inarukaruka. Baada ya hapo degedege, kupoteza fahamu, moyo. Ikiwa kubwa inaweza kuruka hatua zote ikaanzia kwenye degedege. Kama ni kwenye kiti cha daktari sema palepale, neno masikio yanavuma linatosha kumfanya aache kusukuma. Kama ni saluni toa nailoni, futa krimu yote kwa maji na sabuni, nenda hospitali, sio famasi, na nenda na ile tyubu mkononi wajue ni nini na asilimia ngapi. Usipewe maziwa.

Huko hospitali kuna tiba, hili wengi hata wenzangu wa afya hawalijui vizuri. Ni yale mafuta ya mshipani ya asilimia 20, meupe pe, ambayo kazi yake ya siku zote ni kumlisha mgonjwa asiyeweza kula. Daktari Guy Weinberg wa Chicago na wenzake walionyesha kwa panya mwaka 1998 kwamba mafuta hayo yanamsaidia mnyama kustahimili sumu ya bupivakeini, hii ni ndugu wa lignokeini, inakaa muda mrefu zaidi na kwa moyo ni kali zaidi, ndo inayotumika sana kwenye ile sindano ya mgongo ya akina mama wa upasuaji. Tangu 2006 zikaanza kuandikwa taarifa za watu waliorudishwa kwa njia hiyo, na sasa miongozo inasema mililita 1.5 kwa kila kilo kwa haraka mshipani alafu unaendelea na dripu, huku mnampa hewa na kumkandamiza kifua kama moyo umesimama. Kwa mtu wa kilo 60 dozi ya kwanza ni mililita 90. Haihitaji mtambo wowote, ni chupa.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya ni hilo: mahali popote panapochomwa ganzi kwa wingi, chumba cha upasuaji, meno, wodi ya wazazi, iwepo hiyo chupa na karatasi ukutani yenye hesabu ya kilo, na mtu wa zamu ajue iko kabati gani bila kumpigia simu mwenye funguo.

Tabibu wa meno mstaafu,
Morogoro